Mashimo Tisa Kabla ya Mvua

Kakamega, magharibi mwa Kenya, mvua hunyesha alasiri. Hainyeshi kila siku, na kuna miezi inayopungua, lakini mji huu umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Viktoria haliko mbali, na kwa mwaka mvua yake hufika karibu milimita 2,000. Jua la asubuhi hupandisha unyevu, mawingu hujikusanya mchana, na ikifika saa tisa au saa kumi ngurumo zinaanza upande wa Nandi. Mwenyeji hupanga siku yake akilijua hilo. Mgeni asiyelijua huacha mambo yake ya maana hadi baada ya chakula cha mchana, akaishia barazani akitazama maji yakimwagika.

Nalitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo linaloamua karibu kila kitu kwa mtu anayekuja Kakamega na mkoba wa fimbo za gofu. Gofu inataka asubuhi. Ndege wa msituni wanataka asubuhi. Mafahali wa Ikolomani na Shinyalu hupambanishwa asubuhi. Na anayetaka kuona jua likichomoza juu ya msitu kutoka kilima cha Lirhanda lazima aamke kukiwa bado giza. Asubuhi za Kakamega zinagombaniwa, na mtu anayezigawa vizuri huondoka ameuona mji, ameuona msitu, na gofu yake ameicheza.

Mimi nacheza gofu Dar es Salaam. Mke wangu hachezi, na hajaona sababu ya kuanza. Yeye anapenda ndege: ana darubini, ana daftari lake, na anaweza kusimama chini ya mti mmoja nusu saa nzima bila kusema neno. Wenye ndoa kama yetu wanajua likizo zinavyokwenda. Anayecheza huondoka mapema akarudi mchana amechoka, asiyecheza hukaa hotelini akimsubiri, na jioni wote wawili wako nchi ya watu ambayo hawajaiona.

Likizo za gofu zinazotangazwa huizidisha hali hiyo. Mauritius, Marrakech, au hapa kwetu Vipingo katika kaunti ya Kilifi, unauziwa uwanja wa mashimo 18 ndani ya uzio, pamoja na malazi, mgahawa na bwawa la kuogelea ndani ya uzio huohuo. Raundi ya mashimo 18 hula saa nne au zaidi. Ongeza muda wa kujiandaa, kuoga na kula, siku imekwisha. Sina ugomvi na Vipingo, uwanja wake ni wa kiwango cha juu na upepo wa bahari unaupa ladha yake. Lakini mtu akikaa humo wiki nzima akarudi kusema ameiona Kilifi, mimi nitamuuliza kama alifika magofu ya Gede, na kama alipanda hadi Mnarani kuitazama hori kutoka juu.

Ndiyo maana natetea viwanja vya mashimo tisa vya miji midogo, na Kenya ya magharibi imejaliwa viwanja hivyo. Nandi Bears uko katikati ya mashamba ya chai ya Nandi Hills. Mumias kuna kiwanja kilichokua pamoja na kiwanda cha sukari. Na Kakamega Sports Club iko mjini kabisa, ubavuni mwa Golf Hotel, kiasi kwamba mgeni wa hoteli hiyo anakwenda kucheza kwa miguu. Mashimo tisa, kwa watu wawili wanaotembea mwendo wa kawaida, yanamalizika kwa saa mbili hivi. Anayetaka 18 anazunguka mara ya pili. Ukianza saa moja asubuhi, saa tatu umeshamaliza, umekunywa chai, na siku yote iko mbele yako. Mwenzako naye ndiyo kwanza anamaliza kifungua kinywa, na hakuna aliyemnyima mwenzake kitu.

Tulipanda ndege hadi Mwanza, kisha tukaenda kwa barabara hadi Sirari, tukavuka mpaka kuingia Isebania, tukapita Migori na Kisii hadi Kisumu. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza, kwa hiyo mpakani ni kugonga muhuri na kuendelea. Kwa safari ya namna hii usibebe fimbo zote. Sheria za gofu zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, haziamrishi mtu awe nazo zote. Mimi hubeba saba: moja ndefu ya kuanzia, chuma chache za katikati, moja ya kunyanyulia mpira kwenye mchanga, na ile ya kusukumia mpira shimoni. Mkoba unakuwa mwembamba, unaingia kwenye buti la matatu, na hata mwendesha bodaboda anaulaza mbele yake bila malalamiko. Mkoba mkubwa wa magurudumu ni wa mtu anayeshushwa uwanja wa ndege na gari la hoteli.

Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kilomita kama 50, na sehemu ya kwanza ni kupanda tu. Ziwa linabaki nyuma, hewa inapoa, na kabla hujafika Mbale ya Wamaragoli umeshavuka mstari wa ikweta. Mwenye macho ataona mara moja kwamba hapa ardhi ina watu. Nyumba iko karibu na nyumba, shamba la mahindi limeshikana na la migomba, na kati yao yamekaa mawe makubwa ya mviringo ambayo hakuna aliyejaribu kuyaondoa. Baada ya Chavakali na Khayega unafika Ilesi, na hapo mwombe dereva asimame. Mwamba Unaolia wa Ilesi ni nguzo ya jiwe yenye urefu wa mita 40 hivi, na juu yake limekaa jiwe jingine mfano wa kichwa. Maji hukusanyika juu na kuteremka usoni mwake, yakaacha mchirizi mweusi unaoonekana hata kutoka mbali. Wenyeji wana masimulizi yao, na simulizi ya huyu si simulizi ya yule. Mtafute mzee wa hapohapo akusimulie mwenyewe, na umwachie chochote cha chai.

Asubuhi yetu ya gofu ilianza na umande mzito kiasi cha kulowesha viatu kabla ya shimo la kwanza kumalizika. Kwararara walikuwa wametapakaa kwenye nyasi, wakidunga midomo yao mirefu ardhini kutafuta minyoo, na hawakusogea hadi tulipokuwa hatua chache tu kutoka walipo. Mbeba mikoba niliyepewa, au kedi kama wanavyoitwa huku, alikuwa mtu mzima kunizidi. Nilimpa shikamoo, akaipokea kwa marahaba na kicheko.

"Wewe umetoka Tanzania," alisema. "Hapa hakuna mtu wa kunipea hiyo asubuhi asubuhi."

Sisi wa pwani tuna la kujifunza tukipanda nyanda za juu. Hewa ya mita 1,500 ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mpira unaopigwa sawasawa huruka mbele zaidi ya ulivyozoea. Ukitumia fimbo unayoitumia nyumbani, unavuka shabaha. Hapohapo, nyasi zilizonyeshewa jana yake hazikupi mbio za ardhini, mpira unatua na kubaki palepale. Kwa hiyo unapimia angani tu, ukisahau habari ya mpira kubingirika. Mzee wangu alilijua hilo kuliko kitabu chochote. Kila nilipoomba fimbo alitazama kwanza udongo, kisha mawingu, ndipo akachomoa moja. Mara nyingi haikuwa ile niliyoitaja, na mara nyingi yake ndiyo iliyokuwa sawa.

Kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, ndiko nilikoona ustadi wake hasa. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mpira nikitazama mstari wa kwenda shimoni, na kwa macho yangu ardhi ilikuwa inainama kushoto. Akaja, akasimama upande wa pili, akaonyesha kwa kidole cha mguu sehemu ambapo majani makavu madogo na mchanga mwekundu vilikuwa vimejipanga katika mkunjo mwembamba, kama upana wa uzi wa kamba.

"Wacha bendera," aliniambia. "Angalia vile maji ya jana yalipita. Hii takataka imeachwa na maji, na maji hayadanganyi. Mpira utaenda huko yalikoenda."

Mkunjo ulielekea kulia. Nikapiga kulingana na maneno yake, mpira ukapinda kulia katika hatua ya mwisho na kuingia. Mvua ileile inayotuharibia alasiri ilikuwa imetuchorea ramani ya asubuhi. Tangu hapo kila grini nilianza kwa kutafuta takataka.

Nasisitiza habari ya kedi kwa sababu wengi wetu tunasafiri na kuongea na watu wa hotelini tu, ambao kazi yao ni kutupendeza. Kedi unatembea naye saa mbili bega kwa bega, mnazungumza mkiwa mmetazama mbele, na ukimuuliza jambo la mji wake anakujibu. Yeye ndiye aliyetuambia tarehe ya mapambano ya mafahali, mahali pa kula kuku, na kwamba tusipande Lirhanda bila mtu wa kutuongoza. Yeye pia ndiye aliyenitajia dhahabu. Tulikuwa tunasubiri wachezaji waliotutangulia watoke, akanionyesha upande wa Rosterman, kulikokuwa na mgodi, na kusema baba yake alishuka shimoni kule akiwa kijana.

Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa mwaka 1931. Mlowezi mwenye asili ya Marekani, L. A. Johnson, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuipata mitoni, na habari zikaenea upesi. Wakati wenyewe ulichochea: bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka duniani, nzige walikuwa wamekula mashamba, na walowezi wa nyanda za juu walikuwa na madeni. Wakamiminika Kavirondo ya Kaskazini, kama wilaya ilivyoitwa wakati huo, wakapiga mahema kandokando ya mito. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Waluhya, na haikuwa ya watu wachache. Ilikuwa imejaa mashamba na makaburi kama ilivyojaa leo.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya dhamana ya ardhi za wenyeji, yenye ahadi mbili: kipande kikichukuliwa kwenye hifadhi ya Waafrika, kingine cha thamani hiyohiyo kitaongezwa, na baraza la wenyeji litaulizwa kwanza. Desemba 1932, mara tu dhahabu ilipothibitishwa, sheria ikarekebishwa. Ardhi ikaweza kutengwa kwa ajili ya uchimbaji bila kuongezwa nyingine na bila baraza kuulizwa, na fidia ikawa ya fedha. Ahadi iliyotolewa mbele ya watu haikumaliza hata miaka mitatu. Mpaka London watu wa dhamira njema waliipinga hatua hiyo bungeni na magazetini, lakini migodi ikafunguliwa. Rosterman ndio uliokuwa mkubwa, ukafanya kazi tangu mwaka 1935 hadi 1952.

Viwanja vya gofu vya Kenya ni watoto wa zama hizohizo. Royal Nairobi ulianza mwaka 1906, na kila kulikokuwa na maofisa, walowezi au wachimbaji, klabu na uwanja vilifuata. Mwafrika aliingia kwa kubeba mkoba. Nayasema haya nikiwa nimependa kila hatua niliyotembea kwenye nyasi za Kakamega, kwa sababu sioni namna ya kuupenda uwanja huku nikijifanya sijui ulikuja vipi. Leo asubuhi ya Jumamosi utawakuta pale walimu, madaktari, wafanyabiashara na maofisa wa kaunti, wanaume kwa wanawake, wakitaniana kwa Kiluhya na Kiswahili. Uwanja umerudi kwa wenyewe.

Alasiri, mvua ilipochelewa, tulikwenda Rosterman. Siku hizi ni mtaa wa Kakamega wenye maduka, makanisa na watoto wa shule, na bado wachimbaji wadogo wanasaga mawe na kuosha mchanga kwa mikono wakitafuta kilichobaki. Kusini zaidi, upande wa Isulu na Bushiangala, kampuni ya Shanta Gold, ambayo Watanzania tunaijua kwa migodi ya New Luika na Singida, imefanya utafiti na kupata dhahabu nyingi chini ya mashamba ya watu. Swali la nani ahame, kwa fidia ipi, na nani aulizwe kwanza, liko mezani tena baada ya miaka 90. Mtalii anayepita Kakamega bila kulisikia swali hilo ameukosa mji wenyewe.

Sasa nije kwenye msitu, kwa sababu msitu ndio unaostahili sehemu kubwa ya asubuhi zako, na mimi mpenzi wa gofu ndiye ninayesema hivyo.

Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mashariki kabisa ya msitu mkubwa wa mvua uliotandaa kutoka Kongo kupitia Uganda. Kenya haina mwingine wa aina hiyo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 240, na si lote lenye miti mikubwa. Sehemu ya kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na sasa iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya. Sehemu ya kusini, Isecheno, iko chini ya Huduma ya Misitu, na ndiko vijana wa hapohapo walikoanzisha KEEP, mpango wa elimu ya mazingira wa Kakamega, ambao hufundisha watoto wa shule za jirani na kutoa waongozaji. Ukitokea mjini unakwenda Khayega, unakata kushoto kwenda Shinyalu, halafu Isecheno. Kwa wenye uwezo zaidi kuna Rondo, nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1948 na mwenye kiwanda cha kupasua mbao, ambayo sasa ni kituo cha mapumziko cha Kikristo, na bustani yake imepakana na msitu wenyewe.

Tuliingia kukiwa na ukungu. Mwongozaji wetu, kijana mpole aliyekulia Shinyalu, hakutazama juu hata kidogo mwanzoni. Alisikiliza. Alitaja ndege kwa sauti zao, mmoja baada ya mwingine, na mke wangu akaandika. Kisha tukasikia mngurumo wa chini unaozunguka bonde zima, wa mbega weupe kwa weusi wakitangaza mipaka yao, na muda mfupi baadaye shorobo mkubwa wa buluu akatua juu ya mti. Ndege huyu ana urefu wa sentimita 75 hivi, na ndiye mkubwa kuliko shorobo wote. Haruki sana, anakimbia juu ya matawi kwa miguu, na kishungi chake cheusi kimesimama kama taji. Mke wangu aliishusha darubini akanitazama, macho yamemjaa machozi. Hakuna mpira niliowahi kuuingiza shimoni uliompa mtu furaha ya namna hiyo.

Kuna ndege ambao ukiwataka ndani ya Kenya, ni hapa tu utawapata, mmojawapo keremkerem wa kichwa cha buluu. Kuna aina zaidi ya 300 za ndege, vipepeo wa kila rangi wanaojazana kwenye udongo uliolowa, na kima wa De Brazza wenye ndevu nyeupe, ambao wanapatikana kipande cha Kisere, kaskazini. Lakini yote hayo yana saa zake. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne msitu unaimba. Baada ya hapo unanyamaza, na anayeingia saa sita mchana atasema alitembea kwenye miti tu. Kwa hiyo usijaribu kubana gofu na msitu katika asubuhi moja. Nimewasikia wachezaji wanaosema watapiga mashimo tisa haraka kisha wawahi ndege. Hawawahi. Ndege hawangoji, na gofu ya haraka haraka haina raha. Kila kimoja kipe siku yake, na ukibanwa na muda, punguza gofu.

Mchana, msitu ukiwa umenyamaza, ndiyo saa ya kula. Kakamega mtu hawezi kuondoka bila ingokho, kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu hadi mchuzi ukajaa nguvu, kwa ugali na mrenda. Barabarani utauziwa mukombero, mzizi mwembamba wa msituni unaotafunwa, mchungu mwanzoni kisha mtamu. Mzizi huu umechimbwa sana hadi ukawa adimu msituni, kwa hiyo nunua kwa mtu anayeupanda shambani mwake. Wapo, na mwongozaji atakupeleka.

Asubuhi ya mafahali ni kitu kingine kabisa. Mapambano hufanyika Malinya, Khayega, Shinyalu na vijiji vya jirani, mara nyingi Jumamosi na wakati wa sikukuu. Hakuna mtu anayepigana na ng'ombe. Mafahali wawili wanaletwa uwanjani, wanafunganisha pembe, wanasukumana, na anayegeuka kukimbia ameshindwa. Kuna mapambano yanayokwisha kabla hujatulia, na mengine yanayoendelea hadi kila mtu amepaza sauti. Lakini kwangu jambo kubwa lilikuwa kabla ya hapo, fahali anapotolewa nyumbani. Kijiji kizima kinamsindikiza kikikimbia, na mbele yake inalia isukuti.

Isukuti ni ngoma za Waisukha na Waidakho, zinazopigwa kwa seti ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Zinapigwa kwenye harusi, mazishi, kuzaliwa kwa mtoto, na kusindikiza mafahali. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa wapigaji wanazeeka na vijana wanaondoka. Nilisimama kando ya njia kundi likipita, na ngoma ndogo niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Mpigaji wake alikuwa mvulana wa umri wa shule, jasho linamtiririka, hajakosea hata pigo moja. Kama huyo yupo, bado wanao muda.

Siku hiyo fimbo zangu zilibaki hotelini, na sikuzifikiria.

Huko St Andrews, Uskoti, kwenye uwanja unaoheshimiwa kuliko yote duniani, gofu haichezwi Jumapili kwa kawaida. Uwanja unafunguliwa kwa watu wa mji, wanatembea na watoto na mbwa wao juu ya nyasi ambazo Jumatatu wageni watazilipia fedha nyingi. Nimelipenda jambo hilo tangu nilipolijua, kwa sababu linaonyesha kwamba hata waliouanzisha mchezo wanajua kuuweka kando ili mji upumue. Mtalii anayebeba fimbo angefanya vivyo hivyo.

Basi kwa anayetaka kufuata njia hii, haya ndiyo ya kuzingatia. Pigia klabu simu kabla hujaja uulize kama kuna mashindano. Siku za mashindano mgeni hapati nafasi, na hiyo ndiyo siku ya kwenda msituni. Vaa shati lenye kola, maana klabu nyingi za Kenya zinalihitaji. Njoo na mipira ya kutosha, usitegemee duka. Lipa ada ya uwanja ofisini na umlipe kedi mkononi, moja kwa moja, na usimpunje, kwa kuwa wengi wao hawana mshahara mwingine. Mwongozaji wa msituni mlipe vivyo hivyo. Koti la mvua liwe mkobani kila siku, hata jua likiwaka. Na ukiwa na mwenzi asiyecheza, mpe achague kwanza asubuhi zake, wewe uchukue zilizobaki.

Kwa mchezaji gofu wa Afrika Mashariki anayetaka kuiona nchi aliyoiendea, Kakamega naiweka mbele ya viwanja vyote vya pwani, na naiweka mbele kwa mbali.